Barua kwa mwanangu: Kristo hakuanzia Bethlehemu

Kisumu

Mwanangu Atieno,

Swali ulilopewa na wale wahubiri wa stendi ya Kondele, kama Kristo si kiumbe mwenye mwanzo, ni la haki. Lijibu Biblia ikiwa wazi mkononi, bila kupaza sauti. Walikusomea Wakolosai 1:15, "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote", wakaishia hapo. Wewe endelea hadi 16 na 17: katika yeye vitu vyote viliumbwa, naye amekuwako kabla ya vitu vyote. Uzaliwa wa kwanza hapo ni cheo. Daudi alikuwa kitindamimba wa Yese, lakini Zaburi 89:27 inamwita mzaliwa wa kwanza, juu ya wafalme wa dunia.

Kisha fungua Yohana 1:3. Pasipo yeye hakikufanyika chochote kilichofanyika. Kama naye alifanyika, basi alijifanya mwenyewe kabla hajakuwako, na hilo haliwezekani.

Ubishi huu ni wa kale. Ario, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ana mwanzo. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea wakalikataa fundisho hilo, wakakiri kwamba Mwana amezaliwa, hakuumbwa, naye ni wa asili moja na Baba. Kuzaliwa huko hakuna tarehe, mwanangu: Baba hajawahi kuwa Baba bila Mwana!

Watakuletea pia Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi". Wengi wetu hukwama hapa, kwa kuwa tunachanganya alivyokuwa tangu milele na alichokitwaa kwa Mariamu. Soma Wafilipi 2:6-8. Alikuwa na namna ya Mungu, akatwaa namna ya mtumwa. Njaa, usingizi chomboni, kifo, vyote alivipata katika ubinadamu wake, na ubinadamu huo ndio wenye mwanzo.

Lakini ukimtetea, usiseme Baba na Mwana ni nafsi moja yenye majina mawili. Hilo nalo ni kosa, na makanisani kwetu linasikika sana. Yohana 17:5 inaziba njia zote mbili: Yesu anaomba utukufu aliokuwa nao pamoja na Baba kabla ya ulimwengu kuwako. Ni pamoja naye, basi si Baba mwenyewe; ni kabla ya ulimwengu, basi si kiumbe. Ukirudi kwao, anza na aya hiyo.

Wakisema Tomaso alishtuka tu alipotamka "Bwana wangu na Mungu wangu", waonyeshe Yohana 20:28: maneno yale alimwambia Yesu mwenyewe, na Yesu hakumkemea. Lakini Yohana alipotaka kumsujudia malaika, katika Ufunuo 22:9, malaika alimzuia papo hapo.

Mama anakusalimu.

Baba yako