Tetris ipi, Mhariri?

Mhariri naomba nafasi kidogo. Nimeona tena kwenye ukurasa wenu wa michezo habari ya yule dogo wa Marekani, Willis Gibson, kwamba akiwa na miaka 13 kaimaliza Tetris, ile gemu ya kupanga vipande vinavyoshuka ili laini ijae ifutike. Sawa, ni kweli Desemba 21, 2023 aliifikisha levo 157 gemu ikaganda yenyewe, lakini hamkusema Tetris ipi na hapo ndo penye ubishi wote bana. Ni ile ya Nintendo ya 1989, ya mashine yao ya gemu ya zamani, NES, tena ya Marekani. Ya Ulaya ilitengenezewa TV za picha 50 kwa sekunde badala ya 60, na kasi yake ya mwisho inaanza levo 19 wakati ya Marekani inaanza levo 29, sasa mtu akikwambia kafika levo 20 muulize kwanza kwa mashine gani.

Halafu kuna hizi za kisasa, Tetris 99, TETR.IO na wenzake. Kule aina zote saba za vipande zinatoka kwanza ndo zinachanganywa upya, kwa hiyo kati ya kipande kirefu kimoja na kingine hakuwezi kupita zaidi ya vipande 12, na unaruhusiwa kukiweka kimoja pembeni, unaona kabisa kitatua wapi, ukifuta laini unamrushia mwenzako takataka, yaani laini za kumjazia uwanja wake. NES wapi! Unaonyeshwa kipande kimoja tu kinachofuata, na kile kirefu kinaweza kupotea mpaka uanze kuongea peke yako, wakati pointi zote ziko hukohuko maana ndicho pekee kinachoweza kufuta laini nne kwa mpigo, na levo 18 ukizifuta hivyo unapata 22,800, laini moja 760.

Kwa mechi ya mtu na mtu basi za kisasa zina haki zaidi, hilo sibishi. Ila mtazamaji haambulii kitu, wakali wanashusha vipande vitatu na zaidi kwa sekunde. NES hata mama yangu anaelewa nani kabanwa.

Tatizo la NES lipo kwingine. Zamani levo 29 ilikuwa ukuta, vipande vinashuka kasi kuliko vidole, Jonas Neubauer akachukua ubingwa wa dunia mara 7 katika mashindano 8 ya kwanza kuanzia 2010, mpaka 2018 Joseph Saelee wa miaka 16 akamfunga kwa kubonyeza harakaharaka, baadaye ikaja staili ya kupigapiga vidole nyuma ya kidude cha kuchezea, ukuta ukabaki jina, mechi zikawa haziishi, ikabidi waandaaji waongeze kasi nyingine levo 39. Mimi hiyo siipendi sana lakini sioni njia nyingine.

Kwa hiyo wanaotaka kuandaa mashindano ya vijana huku kwetu, chukueni NES ya Marekani, wachezaji wote wawili wapewe vipande kwa mpangilio uleule, ya bahati iishe. Na nyie Mhariri mkiandika rekodi tena muweke na jina la toleo na levo aliyoanzia.

Msomaji wenu,
Tanga