Shangazi, mzuie huyo kijana wa oili chafu

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, watoto wanakusalimu.

Juzi kwenye simu uliniambia mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, pasheni zako zinachanua vizuri lakini maua yanapukutika bila kushika tunda. La pili, umempata kijana wa kuziba kwa oili chafu matundu yote ambayo wale nyuki wakubwa weusi wametoboa kwenye kenchi za banda la kuku. Nakuomba sana umzuie mpaka umalize kusoma, kwa maana hayo mawili yanahusiana. Umeniruhusu niandike hadharani nami nashukuru, kwani hapo Muheza hukosi nyumba yenye matundu hayo na mwenye nyumba anayelalamikia mavuno.

Nianze na ua lenyewe. Pasheni ya njano, hiyo ya ukanda wa joto unayopanda wewe, hufungua ua lake karibu na adhuhuri na kulifunga usiku. Chavua yake ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Tena ua halikubali chavua ya shina lake, linataka ya shina jingine. Kwa hiyo lazima awepo wa kuitoa huku na kuipeleka kule. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa kazi hiyo: anapenya chini, anakunywa mbochi, yale maji matamu ya ua, na kuondoka bila mgongo wake kugusa kitu, au anazoa chavua yote akaipeleka kwao. Yule mweusi ana kimo kinachofaa hasa. Akiinama kunywa, mgongo wake unafagia vifuko vya chavua vinavyoning'inia juu, na akifika kwenye ua linalofuata anaipakaza palepale inapotakiwa. Nenda kichanjani saa nane mchana ukamtazame. Utamwona mgongo wote una vumbi la njano.

Unasema anakula mbao. Hali mbao, shangazi. Anazichimba kwa meno, na unga anautupa nje. Ndio huo unaoufagia kila asubuhi. Ndani ya ujia wake jike hufinyanga donge la chavua na mbochi, hutaga yai moja juu yake, huziba kwa unga wa mbao, kisha huanza chumba kingine. Watoto wake ni wachache mno, ndiyo maana tundu moja ukiliziba umefukia uzao wa msimu mzima. Yule anayekuja kusimama hewani mbele ya uso wako kama anataka ugomvi ni dume, na dume hana mwiba kabisa. Jike anao, lakini haumi mpaka umkamate au umbane.

Najua banda ni mali yako na ulilijenga kwa jasho. Basi zipake rangi kenchi, kwa sababu yeye hupenda mbao kavu isiyopakwa kitu. Kisha mpe pa kwenda: boriti kuukuu au tawi nene kavu la mwembe, ulifunge kwenye nguzo ya kichanja, juu kidogo ili mchwa wasilifikie, mahali pasipopigwa na mvua. Nchini Brazili, ambako pasheni ni ya asili, wataalamu wamefikia kuwatengenezea nyuki wa jamii hii masanduku ya mbao ya kukaa karibu na mashamba. Wewe unaye bure, na unataka kulipa mtu amuue.

Jambo moja kuhusu pasheni kabla sijaendelea. Kama miche yako yote uliikata kutoka shina moja, hata nyuki wajae hutapata kitu, maana mashina yote hayo ni kama shina moja. Omba miche miwili mitatu kwa jirani uichanganye.

Tunasema fuata nyuki ule asali, lakini duniani kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na wenye asali ya kurina ni wachache sana. Wengi wanaishi kila jike peke yake. Yupo anayekata majani ya waridi vipande vya mviringo akatandikie kiota chake, na watu wanampulizia dawa wakidhani ni mdudu wa ugonjwa. Wapo wanaochimba vishimo kwenye udongo mtupu. Hao wanaponzwa na huu mtindo wa kufunika uwanja mzima kwa pevingi mpaka shina la mti. Nauchukia mtindo huo, nasema wazi. Acha kipande cha ardhi tupu upande wa jua, usikilime wala kukimwagia sementi.

Nyanya na bilingani nazo zina siri yake. Chavua imefungiwa ndani ya vijiriba vyenye kitundu kidogo nchani, na haitoki mpaka ua litikiswe kwa nguvu. Nyuki wa asali hajui kufanya hivyo. Yule mweusi analikumbatia ua, anatetemesha mwili huku akivuma, na chavua inamwagika. Nyanya hujichavusha yenyewe kiasi kwa kutikiswa na upepo, lakini ukimwongeza yeye matunda hunenepa.

Maboga yana saa zake. Ua dume na ua jike ni mbali mbali kwenye shina moja. Ua jike utalijua kwa kaboga kadogo chini yake. Yote hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri yamesinyaa. Kijana wako akipulizia dawa saa mbili asubuhi, amewaua wachavushaji katika zile saa chache walizokuwa nazo, na wiki ijayo utaona vile viboga vimegeuka njano na kudondoka, useme mbegu ya dukani ilikuwa mbovu. Tikiti na matango ni vivyo hivyo.

Sikukatazi dawa moja kwa moja, najua funza wa nyanya. Pulizia jioni giza linapoanza kuingia, nyuki wakiwa wamerudi, na usielekeze bomba kwenye maua. Soma kibandiko, au mpe mjukuu asome: ukiona imidacloprid, irudishe dukani. Hiyo inaingia ndani ya mmea mpaka kwenye chavua na mbochi. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mashambani mwaka 2018, isipokuwa ndani ya vibanda vilivyofunikwa, kwa sababu ya nyuki.

Sasa wale wanaokutisha kweli, nyuki wa asali. Hofu yako ni halali. Nyuki wetu wa Afrika ni wakali na wameua watu na mbuzi waliofungwa kamba, kwa hiyo sikushauri mzinga wao nyuma ya jiko. Lakini likija kundi likaning'inia mchungwani, lipo safarini. Wapelelezi wao wanatafuta nyumba, na mara nyingi huondoka baada ya saa kadhaa au siku moja mbili. Watoto wasirushe mawe, mtu asiwashe moto. Wakiingia darini, muulize afisa nyuki wa halmashauri au mfugaji anayejua, waje usiku wawahamishe wakiwa hai. Na mtu akiumwa asisimame kupigana nao: mwiba ukishachoma hutoa harufu inayofanana na ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake. Akimbilie ndani afunge mlango, kisha akwangue mwiba haraka kwa ukucha.

Wa kufuga nyumbani ni nyuki wadogo, wale wasiouma wanaoingia kwenye ufa wa ukuta kupitia kamrija ka nta. Usiwamwagie mafuta ya taa. Asali yao ni nyepesi, ina uchachu, wanaihifadhi kwenye vijichungu vya nta badala ya masega, na bei yake huipita ile ya wale nyuki wa asali wakali. Wanakaa vizuri kwenye kisanduku kidogo chini ya upenu, na watoto wanaweza kucheza pembeni.

Ukipata nafasi, acha mirehani na giligilani zichanue badala ya kuzing'oa zote, panda alizeti kando ya kichanja, na uweke sahani ya maji yenye kokoto, wasizame wakija kunywa.

Nitakuja kabla ya mvua za vuli na miche ya pasheni kutoka kwa rafiki yangu wa Korogwe, tuichanganye na yako. Boriti kuukuu za jiko la zamani usizichome kuni, niwekee mbili. Na huyo kijana mpe kazi ya kupaka rangi banda, asikose riziki yake.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao