Hatujala hela yako, kaka: ulicheza dakika 90

"Dada, hii ni dhuluma." Jumatatu asubuhi, hata kufagia sijamaliza, kaka mmoja ameshanipenyezea tiketi ya kubeti dirishani. Timu yake imepita, mechi kaiangalia mpaka mwisho, lakini mashine inasema mkeka wake, yaani tiketi ya mechi kadhaa, umechanika, haulipwi. Nikamuuliza imepitaje. "Kwa penalti." Basi nikajua tulipo.

Miaka sita nipo kwenye kibanda hiki cha kubeti hapa Mbagala Rangi Tatu, na ugomvi wa dirishani karibu wote ni huo huo: mtu kacheza kitu kimoja, moyoni alikuwa na kingine. Halafu mtaani linatangazwa kwamba wakala anakula hela za watu. Ndiyo maana naandika.

Moja-iksi-mbili ndiyo inayogombanisha zaidi. 1 ni mwenyeji ashinde, X ni sare, 2 ni mgeni ashinde. Inahukumiwa kwa dakika 90 pamoja na zile refa anazofidia. Zile 30 za nyongeza hazimo, penalti hazimo. Fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 18 Desemba 2022, Argentina na Ufaransa walimaliza dakika 90 wakiwa 2-2. Ikaenda mpaka 3-3, Argentina ikachukua kombe kwa penalti 4-2. Usiku ule vijana waliimba barabara nzima, tiketi za Argentina mkononi, na tiketi zenyewe zilishakufa kitambo. Aliyelipwa hapa kwangu ni mzee mmoja fundi viatu aliyeweka X. Mpira hakuuangalia, alikuwa amelala.

Ukitaka timu ipite kwa njia yoyote ile, tafuta mstari wa kufuzu au wa kutwaa kombe. Odi yake, yaani namba inayozidishwa na dau kupata malipo, huwa ndogo, kwa hiyo watu wanaukwepa. Nao una shubiri yake. Tarehe 3 Juni 2023 Yanga ilishinda 1-0 kule Algiers dhidi ya USM Alger, baada ya kufungwa 2-1 kwa Mkapa. Jumla 2-2, kombe likaenda kwa Waarabu kwa magoli ya ugenini. Aliyeweka Yanga ashinde mechi alikula. Aliyeweka Yanga abebe Kombe la Shirikisho alilia pamoja na mimi.

Dabo chansi haina maneno mengi: 1X ni mwenyeji asifungwe, X2 ni mgeni asifungwe, 12 ni yeyote ashinde ila isiwe sare. Ova 2.5 ni magoli ya timu zote mbili yafike 3 au zaidi. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza hiyo nusu goli refa anaionaje. Haipo, mdogo wangu. Imewekwa ili kusiwe na katikati. GG ni kila timu ifunge angalau goli moja, haijalishi nani kashinda. Ile derbi ya tarehe 5 Novemba 2023, Simba 1 Yanga 5, mapumziko walikwenda 1-1, kwa hiyo GG ilishatimia hata kabla ya msiba wenyewe. Nina mteja wa Simba aliyekuja kuchukua hela yake ya GG kesho yake akiwa amevaa miwani ya jua. Sikumuuliza kitu.

Handikapu ndiyo inayoumiza wanaopenda njia ya mkato. Ukiona 0:1 kwenye timu ya nyumbani uliyoichagua, maana yake mgeni anaanza na goli moja mfukoni. Timu yako ikishinda 1-0, kwenye tiketi ni 1-1, umeliwa. Dereva bodaboda mmoja alinunua namba ya kuitia "mkeka wa uhakika" uliopangwa na mtu mwingine kwenye Telegram kwa shilingi 20,000. Akaniletea siku ya foleni, hataki nimsomee, "wewe piga tu dada". Akaweka dau 10,000. Timu zake zote zilishinda, mbili kati yake kwa goli moja, na zote mbili zilikuwa handikapu. Alikuja na wenzake wanne kunidai. Ikabidi niwafungulie mstari mmoja mmoja mpaka saa nne usiku. Aliyemuuzia namba alishamzuia kwenye simu. Ile 20,000 tu ingemtosha mikeka midogo ya mwezi mzima, na mechi angechagua mwenyewe.

Wengine wanasema odi zetu ndogo. Odi sizipangi mimi, zinatoka kampuni. Mimi nalipwa kamisheni. Na kampuni inakula wapi, hesabu iko wazi. Chukua mechi yenye odi 1.85, 3.30 na 4.20. Gawa 1 kwa kila odi, unapata 0.54, 0.30 na 0.24. Jumla 1.08. Ile 0.08 iliyozidi ndiyo yao, na mechi moja haiumi sana. Ila kwenye mkeka makato hayo yanazidishana mechi kwa mechi. Timu 10 za odi 1.30 zinakupa odi 13.8 hivi, macho yanang'aa. Sasa tuseme kila moja ina nafasi 3 kati ya 4. Zote 10 kutimia pamoja ni kama mara 1 katika mara 18, na kodi ya ushindi haijakatwa bado. Kodi hiyo ni ya serikali, na mimi sipati hata senti.

Mechi ikiahirishwa, kama derbi ya tarehe 8 Machi 2025, mkeka haufi. Muda wa kusubiri uliowekwa na kampuni ukipita, mechi ile inahesabiwa odi 1.00 na nyingine zinaendelea. Kwa hiyo malipo yakipungua, usinikunjie sura.

Orodha ya mechi naichapa kwa shilingi 200, karatasi na wino sipewi bure Kariakoo. Dau sikopeshi, hata kwa shemeji. Chini ya miaka 18 sihudumii, leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iko ukutani na naipenda. Na tiketi haitoki kabla sijaisoma kwa sauti, foleni inune isinune.

Yule kaka wa Jumatatu alirudi Jumamosi. Nikaanza kumsomea, nyuma watu wanapiga miluzi. Nilipofika mstari wa tatu akanyanyua mkono. "Hapo hapo dada. Hiyo nibadilishie, weka kufuzu." Odi ikashuka kutoka 2.10 mpaka 1.55. Akaguna, akalipa.