Kutolewa mrija si kutolewa kizazi

Mhariri,

Wifi yangu alitolewa mrija mmoja wa uzazi, ule unaopitisha yai kuelekea kwenye kizazi, baada ya mimba kutunga humo, nje ya kizazi. Kidonda hakijakauka, mtaani wakaanza kunong'ona kwamba "kizazi kimetolewa." Si kweli. Kizazi kipo, vifuko vyote viwili vya mayai vipo, na mrija wa pili ukiwa mzima mimba inaweza kuingia kama kawaida.

Naomba gazeti lako lilieleze jambo hili. Daktari anaweza kuuondoa mrija wote, au kuuchana kidogo, akaitoa mimba na kuuacha. Wengi tunadhani hii ya pili ndiyo ya huruma. Lakini utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, kwa wanawake wenye mrija wa pili mzima, haukukuta tofauti ya maana katika kushika mimba baadaye. Tena mrija ukiachwa, mabaki ya mimba yanaweza kuendelea kukua, hivyo kipimo cha damu hurudiwa mpaka homoni ya ujauzito iishe. Kwa mwenye mrija mmoja tu, hesabu ni nyingine.

Upasuaji wa matundu madogo humrudisha mtu nyumbani mapema. Ila damu ikishajaa tumboni na vifaa havipo, tumbo hufunguliwa, na mimi sioni cha kulaumu hapo. Wifi alifikishwa hospitali amezimia. Siku mbili nzima kaka yangu alikuwa akimchemshia dawa ya chango.

Msomaji wako,
Morogoro