Siri ya karata haimo vidoleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nipinge neno moja linalorudiwa kila zinapotajwa karata za kiinimacho, kwamba mkono wa mchezaji ni mwepesi kuliko jicho la mtazamaji. Si kweli. Mwaka 1896 mwanasaikolojia wa Marekani, Joseph Jastrow, aliwapima Alexander Herrmann na Harry Kellar, mabingwa wa mazingaombwe wa siku zile, na hakukuta kwao kasi ya kumshangaza mtu. Mkono unaokimbia ndio unaoita macho. Anayeijua kazi hufanya taratibu, mbele ya pua yako, kisha anakuachia usahau mwenyewe.

Mwenye jozi ya karata nyumbani ajaribu hili. Chungulia karata ya juu kabisa bila kuonekana. Tuseme ni saba ya uru. Laza karata zote mezani kifudifudi, umwambie mwenzako akate: anyanyue kama nusu, aiweke kando. Wewe chukua nusu iliyobaki, ilaze kwa msalaba juu ya ile aliyoinyanyua, ukisema, "Tuweke alama hapo ulipokata." Toa mikono mezani. Mtazame usoni, mwulize ni nani aliyemfundisha kucheza karata. Zikipita sekunde 15 au 20, nyanyua fungu la juu, umwambie achukue karata iliyo juu ya fungu la chini, "pale ulipokata." Atachukua saba ya uru, ile ile iliyokuwa juu tangu mwanzo. Vidole havijafanya ujanja wowote. Kilichofanya kazi ni zile sekunde 15, ambazo ndani yake amepoteza lipi lilikuwa fungu la juu na lipi la chini.

Wanaoharibu huharibia hapo hapo. Ukinyanyua papo kwa papo, mwenzako bado anaiona picha ya alivyokata, atakwambia, "Ah, hii si ndiyo iliyokuwa juu?" Swali la kujibiwa ndiyo au hapana halimpeleki mbali, mpe swali la kumrudisha miaka nyuma. Usizitupie karata jicho wakati anajibu, maana pale unapotazama wewe ndipo atakapotazama yeye. Wakiwepo watu watatu, wa kuogopwa ni yule asiyeulizwa kitu, kwa kuwa macho yake yamebaki mezani. Mchokoze yeye kwanza. Na usirudie mchezo huo kwa watu wale wale hata wakikubembeleza.

Wapo wenzangu watakaonilaumu kwa kuanika mambo. Wanisamehe, haya yamo katika vitabu vya wanaoanza, na bado yanawapumbaza hata waliovisoma.

Mtu atasema: mimi nimekua na wahedusitini, naijua kila turufu iliyotoka, sisahau karata. Ni kweli hasahau, kwa sababu barazani anajua tangu mwanzo kipi cha kukumbuka. Katika kiinimacho hajui. Hajui mchezo umeanza lini, wala utaishia wapi, kwa hiyo hajui akibane kipi kichwani. Anayekata karata kwa msalaba anadhani mchezo utaanza akishapata karata yake, kumbe umekwisha kabla. Inasimuliwa kwamba hata Houdini, bingwa maarufu wa mazingaombwe, aliyekuwa akijigamba kwamba mchezo akiuona mara tatu lazima autambue, alinaswa hivyo na mchezaji wa karata Dai Vernon huko Chicago mwaka 1922. Karata yenye herufi za jina la Houdini iliingizwa chini ya nyingine, ikarudi juu, tena na tena. Houdini alikazia macho karata ikiingia, na kwa kawaida katika mchezo wa aina ile kazi huwa imeshafanyika kabla ya hapo.

Kuna mchezo mwingine unaouonyesha usahaulifu ukiwa mtupu kabisa. Wazo lake linatokana na mchezo wa mwanamazingaombwe Henry Hardin wa mwanzoni mwa karne iliyopita. Onyesha karata tano za picha: mfalme wa kopa, mfalme wa shupaza, malkia wa uru, malkia wa pau na ghulamu wa kopa. Mtu achague moja kwa mawazo tu, asiiguse wala kuitaja. Zifunike, uziweke mfukoni. Humo mfukoni zilikuwa zinangoja karata nne: mfalme wa uru, mfalme wa pau, malkia wa shupaza na ghulamu wa uru. Toa hizo nne, uzitandaze. Yake haipo! Haipo kwa sababu hata moja ya zile tano haipo, lakini yeye aliikariri yake tu, na zilizobaki alizihifadhi kama "picha, nyekundu na nyeusi." Usizionyeshe kwa zaidi ya sekunde saba au nane. Usichanganye karata za namba, wala usitie ree ya shupaza, ambayo alama yake kubwa haisahauliki. Na achague mtu mmoja tu. Wawili wakikuta zao zote zimetoweka, wataulizana, na mchezo utakufia mikononi.

Baada ya hapo hufuata kazi ya maneno. Kabla ya kufunua ile saba ya uru, mchezaji hurejea yaliyopita: "Umekata mwenyewe, ulipotaka mwenyewe." Kila neno ni kweli. Hasemi nani alilaza fungu la pili. Akimpa mtu karata azichanganye baada ya kuchagua, kesho yake mtu huyo atahadithia kwamba alizichanganya kwanza ndipo akachagua, na ataapa. Mwingereza S. J. Davey alilionyesha hili kwa kuiga, kwa ujanja tu, vikao vya wanaodai kuita mizimu. Ripoti ya vikao vyake iliyotolewa London mwaka 1887 ilionyesha watu wenye akili zao wakiandika kwa uhakika mambo ambayo hayakutokea mbele yao, na kuyaacha yaliyotokea.

Wala tatizo si macho kuangalia pembeni. Wanasaikolojia Gustav Kuhn na Benjamin Tatler walifuatilia mwendo wa macho ya watazamaji wa kiinimacho cha kupoteza sigara, ambayo mchezaji huidondosha, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Walioona sigara ikidondoshwa na wasioiona hawakutofautiana kwa mahali macho yao yalipokuwa. Unaweza kukodolea kitu usikione, kama akili iko kwingine.

Adui wa haya yote siku hizi ni simu. Simu haiulizwi swali ikasahau. Mchezo wa msalaba ukirekodiwa, mtu anarudisha nyuma kidogo tu na kuona fungu lilikotoka. Ndiyo maana video zinazosambaa mitandaoni zimejaa ufundi wa vidole, na vijana wanaojifunza humo wanadhani kiinimacho ni hicho tu. Anayecheza mezani, kwenye harusi au mkahawani, hana haja ya kumgombeza mtu aweke simu chini. Amteue huyo huyo anayerekodi ndiye akate karata, kisha akabidhiwe fungu moja alishike kwa mikono miwili.

Mpenzi wa kiinimacho,
Tanga