Skani za wanyama wagonjwa si mchezo

Mhariri,

Hapa Malindi nimesikia watu barazani wakicheka ati wazungu wamekosa kazi mpaka wanampiga tumbili skani. Mie naona wanacheka bure. Kule Fort Detrick, Marekani, ilijengwa maabara ambayo mnyama mwenye virusi kama Ebola alikuwa akiingizwa kwenye CT, MRI au PET (mashine za kupiga picha ndani ya mwili) akiwa ndani ya bomba lililozibwa, mashine yenyewe ikibaki upande salama. Zamani ukitaka kujua siku ya tatu ya ugonjwa ini limeharibika kiasi gani lazima uue wanyama kadhaa, siku ya tano uue wengine, sasa huyohuyo mmoja anapigwa picha leo na keshokutwa tena, unaona mapafu yanavyoharibika, na kwa PET anadungwa sukari yenye mionzi kidogo inaonyesha wapi mwili unapigana. Wanaokufa wanapungua (sipendi mnyama ateswe, lakini bora hivi), na dawa ikifanya kazi unaiona.

Tena yatuhusu. Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007 iliua watu na mifugo Garissa na Tana River, hapo jirani tu, na huo ugonjwa unashambulia ini, wengine macho na ubongo. Virusi vyenyewe vilitambuliwa Kenya hii hii mwaka 1931, karibu karne sasa, na bado hakuna chanjo ya binadamu iliyoidhinishwa!

KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wako Kilifi, waandishi wenu wakawaulize haya badala ya siasa kila ukurasa.

Msomaji wenu,
Malindi