Boti kupanda lori si ujinga, ila dereva apime mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji wenu kaandika kuwashangaa Wamarekani wanaopakia boti kwenye lori kuzipeleka Florida kila baridi ikikaribia, anasema ni pesa za kuchezea, boti si ina injini iende yenyewe majini. Nimecheka ila nikaona nijibu, maana mimi ndo dereva wa hizo boti, naishi Ohio na kuanzia Oktoba hadi Desemba kazi yangu ndo hiyo, na siku hizi vijana wetu waliopata leseni ya malori huku wananipigia wanataka waingie kwenye boti kwa sababu wamesikia inalipa. Kwa hiyo hapa namjibu huyo ndugu na hao vijana kwa pamoja, mtanivumilia.

Njia ya maji ipo kweli. Unatoka Chicago unaingia mto Illinois, unakutana na Mississippi, unapanda mto Ohio kidogo, kisha mto Tennessee, halafu mfereji wa Tennessee-Tombigbee unakushusha mpaka Mobile, Alabama. Safari ya wiki na wiki hiyo, na kuna milango ya maji kibao, ile ya kupandisha na kushusha vyombo mtoni, ambayo matishari ya mizigo yanapita kwanza we unasubiri. Mwenye boti ya matanga ndo kabisaa, maana ukishaipita Chicago kushuka kusini kuna daraja halifiki futi 20 kutoka kwenye maji, kwa hiyo mlingoti lazima aulaze tu hata kama hajapanda lori. Mstaafu mwenye muda ataifurahia hiyo safari, lakini mtu ana wiki mbili za likizo, akipigia hesabu mafuta, gati za kulala na mwili wake, anaona bora ailipe lori ifike ndani ya siku nne tano yeye apande ndege.

Na kuiacha huku nako si bure. Maziwa ya huku yanaganda, na maji yakiganda ndani ya injini yanatanuka yanapasua chuma, kwa hiyo boti inatolewa majini, inakamuliwa kila tone, inajazwa ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda, inavishwa nailoni nyeupe, halafu mwenyewe analipia yadi ya kuhifadhia boti mpaka Mei. Nusu mwaka boti yako unaiangalia tu.

Halafu huyo ndugu asisahau kwetu tuliyafanya haya zamani. Mi mtoto wa Kigoma, na MV Liemba ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwenye masanduku mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni mpaka Kigoma ikaungwa upya, 1915 ikaingia ziwani. Meli nzima hiyo! Sa boti ya futi 40 kwenye lori ina ajabu gani.

Haya, vijana. Mnaniuliza inalipa kiasi gani kwa maili, hamna hata mmoja aliyeniuliza boti ina kimo gani. Kazi ya boti yote iko kwenye futi kamba. Huku mzigo ukizidi futi 8 na inchi 6 kwa upana unahitaji kibali, na kwa kimo majimbo mengi ya mashariki yanakuruhusu futi 13 na inchi 6 tu, kutoka lami mpaka sehemu ya juu kabisa ya mzigo. Boti ya futi 40 upana wake unaweza kufika futi 12 au 13, kwa hiyo hapo hakuna mjadala, ni kibali, na kila jimbo lina chake. Barabara ya I-75 ninayopita sana inaanzia Michigan, inakata Ohio, Kentucky, Tennessee, Georgia ndo unaingia Florida, majimbo sita vibali sita, na kila kibali kimekuandikia barabara ya kupita, ukichepuka kutafuta dizeli ya bei nafuu wakikukamata utajieleza. Ukizidi upana fulani wanakudai na gari la kusindikiza lenye taa, nalo unalilipa kwa maili.

Kimo ndo kinaua. Mteja atakwambia boti yake ina futi 12 kasoro, ameisoma kwenye karatasi ya kiwandani, kumbe baadaye aliongeza rada, akaweka fremu ya turubai, akaweka antena. Usimwamini mteja, usimwamini broka, yaani dalali wa mizigo, wala usiamini tangazo la yadi iliyomuuzia. Ikishakaa kwenye trela na mikanda imekazwa, panda ngazi na fimbo yako ya kupimia, pima mwenyewe mbele, katikati na nyuma, halafu toa upepo kwenye mifuko ya hewa ya trela upime tena, ujue una inchi ngapi za kucheza nazo. Kinachozidi kinafunguliwa pale pale yadi. Ukibishiwa ondoka, hela ya mzigo mmoja haifiki bei ya daraja.

Kufunga nako kuna namna yake. Uzito wote unakaa kwenye mkuku, ule uti wa chini wa boti, ile mikono ya haidroliki ya pembeni kazi yake ni kuisimamisha isilale, sasa kuna madereva wanakaza mikono wakidhani ndo wanaibana vizuri, ikifika Tennessee mbavu za boti zimebonyea. Chini ya kila mkanda weka kipande cha zulia. Ile nailoni nyeupe mi siipendi safarini hata mteja akiililia, upepo wa maili 60 kwa saa ukipata pa kuingilia inapigapiga mwili wa boti mpaka rangi inatoka, na ikichanika Kentucky utaikokota mpaka Georgia. Vifuniko vya juu vifungwe kwa ndani na kupigwa gundi ya utepe, betri zichomolewe, matangi ya maji yawe matupu. Na kile kizibo cha chini kinatolewa, ili mvua ikinyesha njiani maji yatoke, ila kifunge na waya kwenye usukani pale mtu atakapokiona, maana Florida boti ikishushwa majini bila kizibo inazama mbele ya mwenye mali, na ataanza kumtafuta nani? Dereva.

Jingine ambalo hamlijui ni kwamba saa za kazi si za kwenu. Kwenye mizigo ya kawaida logi, ile rekodi ya saa za dereva, inakupa saa 11 za kuendesha, kwenye boti yenye kibali unabanwa na jua, mizigo mipana mara nyingi inatembea mchana tu, na Novemba huku jua linazama saa kumi na moja na kitu jioni. Toa na masaa ya foleni ambayo miji mingine haitaki kukuona barabarani, toa sikukuu, siku ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani ya Novemba, unaweza kulala stendi ya malori siku mbili unakula soseji. Milima ya Jellico pale Kentucky na Tennessee zinapopakana ikiwa na ukungu, mi napaki, dispacha anayenipangia safari apige simu mpaka achoke.

Msiharakishe kufika pia. Msimu wa vimbunga Florida ni kuanzia Juni 1 mpaka Novemba 30, na bima nyingi za boti hazimtaki mwenye mali ashuke kusini kabla ya Novemba 1, kwa hiyo boti ukiiwahisha Oktoba katikati unamtia hasarani bila yeye kujua. Kimbunga Ian cha Septemba 28, 2022 kilipopiga Fort Myers boti zilitupwa mitaani, zikapanda juu ya nyingine, mwenye bima na asiyenayo wote walilia.

Na kuosha. Maziwa haya yana kome wadogo wenye milia walioletwa na meli kutoka upande wa Bahari Nyeusi na Kaspi, waligunduliwa Ziwa St. Clair mwaka 1988, wanaziba mabomba ya maji hawafai kabisa, na wanaweza kuishi siku kadhaa nje ya maji wakiwa wamejibanza kwenye boti. Watu wa Mwanza na Kisumu mnaojua gugumaji lilivyotufanya mtanielewa haraka. Boti ioshwe, ikamuliwe, ikauke, na wewe dereva uliangalie hilo kabla hujapakia, askari akikusimamisha mizani na kome wamening'inia nyuma hatamtafuta mzee aliyeshapanda ndege.

Kuhusu mabroka sitasema mengi, kuna mmoja alinipa mzigo aliopewa na broka mwingine, boti ikafika, mteja kalipa, hela yangu ikaishia katikati. Siku hizi nampigia mwenye boti kabla sijawasha gari namuuliza amemlipa nani.

Mhariri, ombi langu mngefanya makala moja ya vibali vya mizigo mipana, mkiwahoji madereva wa huku na wa njia ya Dar na Tunduma pia wanaobeba mitambo ya migodini, kuliko hizi habari za kila wiki za nani kanunua lori jipya.

Na kijana aliyeniuliza kurudi huwa tunabeba nini: hatubebi. Trela ya boti haina sakafu, katikati ni tupu, huwezi kuweka hata gunia la machungwa, kwa hiyo ukisikia bei ya kwenda igawe kwa mbili ndo ujue unalipwa ngapi kwa maili. Boti za kurudi kaskazini zinaanza Aprili.

Dereva wa boti,
Ohio, Marekani